Jenereta moja kwa nyumba ya Wete na kambi ya karafuu

Swali: "Assalamu alaykum, Fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Umeme ukikatika samaki kwenye friji wanaharibika na watoto wanashindwa kudurusu. Nataka jenereta moja tu, ya kubebeka, iwashe friji, taa, feni ya meza, tivi na kuchaji simu. Msimu wa karafuu ukifika tuichukue shamba, maana tunapiga kambi kule wiki kadhaa na usiku tunachambua kwa taa. Duka moja wameniambia nichukue ile ndogo ya 950 kwa sababu ni rahisi, duka jengine wakasema nisihangaike, nichukue ya kilowati tatu. Mume wangu anasema ikija tutaichomeka kwenye soketi ya ukutani nyumba nzima iwake. Ipi haitatuangusha?"

Waalaykum salaam, Mwalimu. Nianze na la mume wako, maana hilo halifai kusubiri. Mwambie asiichomeke kwenye soketi ya ukutani, hata kwa dakika tano, hata kwa majaribio.

Ukiingiza umeme wa jenereta kwenye soketi, hauishii ndani ya nyumba. Unapita kwenye mita, unatoka kwenda kwenye nguzo, unaifikia transfoma. Transfoma ile inayoushusha umeme ukija kwenu, ukirudi kinyumenyume huupandisha, ukawa maelfu ya volti kwenye waya ambazo kila mtu anaamini zimekufa. Na umeme ukikatika nani yuko juu ya nguzo? Ni kijana wa ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar, aliyepanda kuurudisha. Isitoshe, ile waya yenye plagi pande zote mbili, upande mmoja ukiwa kwenye jenereta, basi vyuma vya upande wa pili vina volti 230 wazi mkononi. Mtoto akivishika, hakuna fyuzi itakayomuwahi. Na umeme wa Shirika ukirudi ghafla wakati jenereta imeunganishwa hivyo, jenereta huungua palepale.

Njia ziko mbili tu. Ya kwanza, na kwa mahitaji yako inatosha, ni waya wa ekstensheni kutoka jenereta moja kwa moja hadi kwenye friji na vyombo vyengine. Ya pili ni kufungiwa chenji ova na fundi mwenye leseni, swichi ambayo haiwezi hata kidogo kuunganisha jenereta na waya za Shirika kwa wakati mmoja. Ukiweka chenji ova, mwambie fundi aangalie na atha (waya wa kuteremsha umeme ardhini), maana nyumba nyingi za zamani waya wa atha umeliwa na kutu zamani.

Sasa jenereta yenyewe. Nunua ya inveta (nitaieleza hapo chini), ya petroli, ya stroki nne (ile ambayo oili haichanganywi na petroli), yenye nguvu ya kudumu ya wati 1,600 hadi 1,800. Hapo usishuke sana na usipande sana. Nitakwambia nimefikaje hapo, kwa sababu wauzaji wawili wamekuvuta pande mbili na kila mmoja ana hoja yake.

Hesabu vyombo vyako. Taa sita za LED za wati 9 ni 54. Feni ya meza kama 50. Tivi ya inchi 32 kama 60. Chaja za simu nne, tuseme 50. Jumla 214. Friji ya nyumbani ikiwa imeshashika kasi hula kama wati 150. Kwa hiyo nyumba yako yote, mambo yakiwa yametulia, haifiki wati 400. Muuzaji wa 950 amepiga hesabu hiyo akaona inatosha.

Alichosahau ni ile sekunde friji inapowaka. Simama karibu na friji yako usiku nyumba ikiwa kimya, utasikia: kwanza "tak", halafu mguno mzito, halafu ndiyo inatulia. Kwenye ule mguno mota ya kompresa inavuta mara tano au sita ya kawaida yake. Wati 150 zinakuwa 800 au 900 kwa kufumba na kufumbua. Jenereta isipokuwa na nguvu hiyo, volti zinaporomoka, kompresa inashindwa kuzunguka, inakaa inaguna na kupata moto. Kikinga joto kikiwa kizima kitaikata. Kikiwa kimechoka, kompresa inaungua, na kompresa mpya unaijua bei yake.

Zile 950 ukisoma kibati chake ubavuni utaona nyingi zimeandikwa wati 650 za kudumu. Hiyo 950 ni jina la mfano tu. Tena ni za stroki mbili: petroli lazima ichanganywe na oili, kwa kawaida mililita 20 za oili kwa lita moja. Ukizidisha inafuka moshi na plagi inaziba, ukipunguza pistoni inakwaruzika. Mwaka 2008 umeme wa Unguja ulikatika karibu mwezi mzima, kisha Disemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010, miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia ya umeme wa chini ya bahari inayotoka bara na kuingia Fumba. Nilikuwa Mjini wakati huo na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kufungua vijenereta hivyo. Vingi havikufa kwa ubovu wa kiwandani. Vilikufa kwa sababu vilibebeshwa friji, na kwa sababu mchanganyiko wa oili ulikuwa ukipimwa kwa jicho. Kwa taa tatu na simu havina ubaya. Kwa friji ya mwalimu mwenye samaki ndani, hapana. (Ninyi Pemba mlikuwa bado na mashine za dizeli za Wesha. Waya wa baharini kutoka Tanga ulikufikieni 2010.)

Huyo wa kilowati tatu naye hakukudanganya, nguvu itakuwepo. Lakini jenereta ya kawaida ya ukubwa huo ina uzito wa kilo arubaini na kitu, na injini yake lazima izunguke mizunguko 3,000 kwa dakika wakati wote, uwe unawasha taa moja au kumi, kwa sababu ndiyo kasi inayotoa umeme wa hezi 50. Wewe unatumia wati 400, yenyewe inakunywa petroli kama inayofanya kazi kubwa. Na mlio wake, Mwalimu, ukiiwasha Wete usiku watu wa msikitini watakusikia kwenye Isha.

Jenereta ya inveta ni kitu tofauti. Ndani yake umeme wa injini hugeuzwa kwanza kuwa wa moja kwa moja kama wa betri, kisha kompyuta ndogo inautengeneza upya kuwa volti 230 na hezi 50 zilizonyooka. Faida yake ni kwamba injini haifungwi tena na kasi moja. Mzigo ukipungua inapunguza mwendo, ukiongezeka inapanda. Mfano ni Honda EU22i: uzito kilo 21, nguvu ya kudumu wati 1,800, tangi lita 3.6, na kwa robo ya mzigo tangi hilo linafika hadi saa nane. Mzigo wako wa wati 400 uko karibu na robo hiyohiyo. Maana yake ni chini kidogo ya nusu lita kwa saa. Sikwambii lazima iwe hiyo, Yamaha wanayo ya aina hiyo na zipo za Kichina nzuri. Nimekutajia ili ukiambiwa namba dukani uwe na cha kulinganisha nacho. Umeme wake pia ni safi kwa tivi na chaja. Nimeona tivi nyingi zilizouliwa na jenereta rahisi ambazo volti zake hupanda na kushuka kama mashua kwenye mkondo.

Ikiwa mna pampu ya maji ya nusu farasi, hukuitaja lakini nyumba nyingi siku hizi zinazo, huenda ikawaka pia kwa inveta ya ukubwa huu, ila kwanza zima friji. Washa kikubwa peke yake, kitulie, ndipo uongeze vidogo. Pasi na birika la umeme usizithubutu.

Ukienda kununua, soma kibati, usisome boksi. Kwenye kibati kuna namba mbili: moja ina neno MAX, hiyo ni ya dakika chache tu, nyengine ina neno RATED, hiyo ndiyo ya kudumu. Muuzaji atakutajia kubwa. Wewe nunua kwa ile ndogo, na hata hiyo usiipakie kupita asilimia 80 kwa saa nyingi. Ukiona kVA badala ya kilowati, uliza ni kilowati ngapi. Kwenye baadhi ya jenereta kVA moja ni kilowati 0.8 tu.

Kuna mtego mwengine wa kwetu hasa, wa vitu vilivyotumika vinavyokuja kwenye makontena. Jenereta iliyotoka Japani inaweza kuwa nzuri sana, imetunzwa, inawaka kwa mvuto mmoja, lakini inatoa volti 100. Ya Marekani inatoa 120 na hezi 60. Hata ya Uingereza, ukiona soketi yake ni ya manjano, hiyo ni volti 110 ya mafundi ujenzi. Kila mwaka kuna mtu anayenijia na moja ya hizi akitaka "niibadilishe". Haibadiliki kwa bei inayoleta maana. Kibati kiwe na 220, 230 au 240, na 50.

Usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Nenda na pasi ya nyumbani ya kuijaribia tu, wati zake zisizidi ile namba ya RATED, na mita ya fundi ukiweza kuazima. Mwambie muuzaji atie oili na petroli kidogo, avute kamba ikiwa baridi. Nzuri haizidi mivuto mitatu minne. Iache dakika tano, pima volti, halafu chomeka pasi. Injini itaguna kidogo na kupanda, hiyo ni sawa. Lakini volti zikishuka chini ya 207, au injini ikawa inapanda na kushuka bila kutulia, iache hapo hapo dukani. Kisha muulize swali hili: kabureta, chujio cha hewa na kamba ya mfano huu naweza kuvipata Wete au Chake Chake? Akianza kusema "tutaagiza", fikiria upya. Jenereta isiyo na spea kisiwani hata iwe bora vipi itakuja kulala stoo kwa kukosa kitu kidogo kama kidole.

Sasa kambini. Hapa nitakaa kidogo, niwie radhi, kwa sababu hapa ndipo ninapoogopa.

Nazijua kambi za karafuu. Mchana mko juu ya miti, magharibi mzigo unamwagwa, na baada ya kula mnakaa duara chini ya taa, karafuu upande huu, makonyo (vijiti vyake) upande ule, mpaka usiku mkubwa. Taa nzuri ni nusu ya kazi. Halafu mvua inanyesha. Kila mtu anakimbilia majamvi kuokoa karafuu, na mtu mmoja mwenye huruma anaiona jenereta inalowa, anaibeba anaiingiza bandani, inaendelea kuwaka, watu wanalala.

Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Ukiivuta inashikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua vizuri. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu aliyeshinda juu ya mkarafuu anasema nimechoka, au malaria imenirudi, analala. Haamki.

Katika ule umeme wa kukatika 2010 niliitwa kwenye nyumba moja Ng'ambo kutengeneza jenereta iliyokuwa "inazimika ovyo". Nilipofika saa tatu asubuhi mama anatapika, watoto wawili wamelala sakafuni na hawataki kuamka, na bibi anasema ni pweza waliyemla jana. Jenereta ilikuwa kwenye chumba cha uani, dirisha limefunguliwa kabisa, nao walidhani dirisha linatosha. Tuliwatoa barazani mmoja mmoja, wakapelekwa hospitali, na Alhamdulillahi wote walirudi. Ile jenereta ilikuwa inazimika kwa sababu yenyewe nayo ilikosa hewa. Lau isingekosa hewa, isingezimika, na nisingeitwa.

Kwa hiyo: umbali wa mita 6 au zaidi kutoka banda, na kutoka dirisha au mlango wowote wa nyumba, ekzosi ikielekea mbali na watu na upepo ukiondoa moshi. Si ukumbini, si uani palipozungushwa kuta, si chini ya uvungu wa banda, hata dirisha liwe wazi. Mvua isikulazimishe. Kabla ya siku ya kwanza ya kambi ijengeeni jenereta kibanda chake: nguzo nne, bati juu, pande zote wazi, kimo cha kumfikia mtu kifuani, na nafasi ya mita moja kila upande ili isipate joto. Bati, si makuti, kwa sababu ekzosi inaweza kuyashika moto. Kuweni na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuizima kabla ya watu kulala. Mkishalala hamhitaji jenereta. Taa moja ya sola ya kulindia majamvi inatosha mpaka alfajiri, na simu zichajiwe wakati mnachambua. Na yeyote akisema kichwa kinamuuma wakati jenereta inawaka karibu, toeni watu nje kwanza, maswali baadaye.

Waya wa kutoka huko hadi kwenye banda uwe wa milimita za mraba 2.5, wa mpira, na uukunjue wote. Waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto ndani ukayeyuka hali nje unaonekana mzima. Ning'inizeni juu, wasiupite watu wenye makapu.

Petroli ichukueni kwenye dumu la chuma au lile lililotengenezwa kwa petroli. Dumu la mafuta ya kupikia linavuja mvuke na linalainika. Likae mbali na mafiga na mbali na majamvi pia, karafuu ikinuka petroli nani ataipokea? Kabla ya kuongeza mafuta zimeni, subirini robo saa ekzosi ipoe. Wengi niliowaona wameungua mikono waliungua hapo, wakimimina kwa tochi ya simu mdomoni.

Msimu ukiisha ndipo jenereta nyingi za Pemba zinapokufa, ingawa wenyewe hugundua mwaka unaofuata. Petroli ikikaa kwenye kabureta mwezi au miwili inaganda, inakuwa kama gundi ya rangi ya chai, inaziba kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano. Ukivuta kamba haiwaki, fundi anakwambia kabureta imekufa. Dawa yake haina gharama: siku ya mwisho funga koki ya petroli na uiache iwake mpaka izimike yenyewe, kisha mimina iliyobaki tangini. Aina nyengine koki yake iko pamoja na swichi, soma kitabu chake. Ikirudi nyumbani isikae karibu na upande wa bahari bila kifuniko, chumvi inakula soketi. Na hapo nyumbani iwashe kila mwezi robo saa, ikiwa na mzigo, feni na taa angalau, ndipo utajua itaitika siku ya giza.

Oili badilisha baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi sita. Chujio la hewa lisafishe mara kwa mara kambini, vumbi la njia za shamba ni jingi.

Moja la mwisho kuhusu siku utakayoipokea. Jenereta mpya ya stroki nne huja bila oili ndani ya injini. Wapo waliotia petroli, wakavuta kamba kwa furaha, na injini ikakwama kabla ya saa moja. Nyingi siku hizi zina kizuizi kinachokataa kuwaka oili ikipungua, lakini usikitegemee. Jenereta iwe sehemu tambarare, fungua kifuniko cha oili, tia ile ya stroki nne ya 10W-30 mpaka ifike ukingoni mwa tundu. Ya ukubwa niliokutajia haizidi nusu lita. Ndipo utie petroli.

Ukiona unayoipenda dukani, kabla hujatoa pesa ipige picha ya kile kibati cha ubavuni, namba zote zisomeke, unitumie. Nitakujibu siku hiyo hiyo, inshaallah.